Siku ya Wageni

Shule ikisikia neno mgeni hupatwa na homa. Usiulize mgeni ni nani wala anakuja kwa ajili gani. Awe mkaguzi, awe mfadhili, awe mtu aliyepotea njia akaingia kuuliza, mawe ya kando ya njia yatapakwa chokaa, na watoto wenye kaptula zilizochanika wataambiwa wapumzike nyumbani. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa ameiugua homa hiyo tangu aanze kazi, hata akasahau kwamba ni ugonjwa. Ndiyo maana alipokubali daktari aje shuleni hakuiona hatari yoyote. Yeye alijua anaita msaada.

Msaada wenyewe ulikuwa wa Feni.

Feni alikuwa mtoto wa darasa lake, msichana mwembamba ambaye macho yake hayakupenda kukutana na macho ya mtu. Jina hilo walimpa wenzake, kwa sababu kelele zikizidi mikono yake ilianza kupunga kando ya masikio, haraka haraka, hata aliyekaa karibu naye akapata upepo. Mwalimu alilipiga marufuku. Akatoa vitisho, akatoa mawaidha. Kisha siku moja akamwita mtoto kwa jina lake la nyumbani, mtoto asigeuke, na mtundu mmoja wa dawati la nyuma akasema "Feni", naye akasimama na kuitika kwa adabu zote. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, na jina likakaa.

Kelele hazikuwa za kutafuta. Watoto walijaa darasani mpaka madirishani, wanne wanne kwenye dawati la wawili, na waliokosa dawati walikaa sakafuni chini ya ubao. Nyuma ya ukuta wa shule palikuwa na fundi wa mageti, na mashine yake ya kukatia vyuma ililia tangu asubuhi kama inachinjwa. Na kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari kubwa, iliyoning'inizwa nje ya mlango wa darasa la pili hasa, ikigongwa kwa nondo na yeyote mwenye mkono wenye nguvu. Kila ilipogongwa, Feni aliingia chini ya dawati. Safari nyingine alitoka mbio. Siku moja alifika mpaka barabarani, akakutwa amesimama katikati ya magari, ameziba masikio, madereva wakimpigia honi ili atoke, na kila honi ikizidi kumgandisha palepale. Tangu siku hiyo mwalimu alifundisha jicho moja likiwa ubaoni na jingine mlangoni.

Mkuu wa shule naye aliingiwa na hofu, na hofu ya mkuu ina maamuzi.

"Mimi siwezi kulala na roho ya mtoto wa watu mkononi," alimwambia mwalimu. "Muhula huu ukiisha hujapata mtu wa kumwangalia, wala chumba cha kumweka, mama yake aje amchukue. Akae nyumbani mpaka apatikane mahali panapomfaa."

Mahali panapomfaa hapakuwepo, na wote wawili walilijua hilo.

Aliyekuwepo ni daktari. Mama yake Feni, fundi cherehani mwenye maneno machache, alikuwa amezunguka na mwanawe kwa watu wengi, kila mtu akimpa jina lake la ugonjwa, mpaka alipomfikia daktari wa watoto wa hospitali kuu. Huyo ndiye aliyemkalisha chini akamwambia ni usonji. Akamwambia si wazimu, si ukaidi, wala si malezi mabaya; kichwa cha huyu mtoto ni nyumba isiyo na milango, kila sauti inaingia, na zote zinaingia pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu hakuwahi kulisikia kwa daktari yeyote. Aliomba namba ya simu ya mwalimu.

Wakawa wanaongea mchana, watoto wakiwa mapumzikoni, mwalimu amejibanza nyuma ya vyoo ambako angalau mtu husikia. Daktari aliuliza maswali ya ajabu. Anakaa upande gani? Anaanza kupunga kabla ya kelele au baada? Akitulia, kumetokea nini? Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi aliulizwa tu kwa nini watoto wake wanafeli, alijikuta akijibu kwa urefu kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwake. Daktari akisema amsogeze ukutani, alimsogeza. Akisema amwambie mapema kwamba kengele inakuja, alimwambia. Akamfundisha kuwazuia watoto wasipige makofi, wapunge vidole hewani badala yake, na darasa zima likaupenda mchezo huo. Lililofaa alimrudishia habari, na lisilofaa alimrudishia pia. Walikuwa hawajaonana hata mara moja, lakini mwalimu aliwaambia wenzake ofisini kwamba amepata ndugu.

Lakini vidole hewani havizimi mashine ya kukata vyuma. Kwa hiyo daktari alikwenda kwa afisa wa elimu maalumu. Afisa alikuwa na mwalimu msaidizi mmoja tu wa kumpeleka shule mojawapo, na shule zilizomlilia zilikuwa nyingi. Alisema hatoi mtu kwa maneno ya simu. Watakwenda wote wawili, yeye na daktari, wakaone kwa macho.

"Afisa akiona anavyoteseka, hatutahitaji maneno mengi," daktari alimwambia mwalimu. "Ila nakuomba kitu kimoja. Usibadilishe chochote. Nataka siku ya kawaida, na uchafu wake."

"Sawa, daktari," alisema mwalimu, na alisema kwa moyo safi.

Akapeleka habari kwa mkuu. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kicheko cha tumboni, aliwajua watoto kwa ukoo, na paa la shule lilipovuja alipanda mwenyewe na nyundo. Lakini aliposikia afisa na daktari wanakuja siku moja, uso ulimbadilika, na kabla ya saa kupita walimu wote walikuwa wameitwa ofisini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alianza, akisugua viganja. "Jamani, afisa anakuja. Mnataka akirudi akaseme nini? Kwamba huku tunafuga watoto kama kuku? Darasa la pili, wabaki wenye sare kamili na viatu. Wengine wapumzike. Ile rimu ishushwe, ni aibu, chuma chenye kutu mlangoni. Na yule jirani wa mageti niachieni mimi."

"Mkuu," alisema mwalimu, "daktari alitaka siku ya kawaida."

"Dada yangu, mgeni akikwambia usijisumbue, wewe unamtandikia shuka chafu?"

Walimu wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu ni kweli, hakuna mtu mwenye akili anayemtandikia mgeni shuka chafu. Na ukweli usemwe wote: usiku ule aliipiga pasi gauni lake zuri, akakata kadi za picha za somo la kusoma, akazipaka rangi. Hakumdanganya daktari. Alikuwa anasafisha nyumba tu.

Siku ikafika. Njia ilikuwa nyeupe kwa chokaa. Kwenye mlango wa darasa la pili palikuwa na kamba tupu inayoning'inia, rimu na nondo yake vikiwa stoo, nyuma ya madawati mabovu. Ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya, maana mkuu alikuwa amekwenda kwa fundi mwenyewe, wakaongea kiungwana, fundi akakubali kuanza kazi baada ya adhuhuri. Darasani watoto walikuwa wachache, wawili kwa dawati, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa.

Feni alisimama mlangoni. Alitazama kamba. Alitazama sakafu mbele ya ubao, ambako hakukuwa na mtu. Akaenda mpaka kwenye dawati lake, akaketi, akaweka mikono yake juu ya mbao, na mikono ikakaa.

Wageni walikaa nyuma, kwenye viti vilivyotolewa ofisini. Afisa alikuwa mzee mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Daktari alikuwa kijana kuliko sauti yake, kola ya shati imechakaa, na alipomwona mwalimu alitabasamu kama mtu anayekutana na ndugu aliyemjua kwa barua tu. Mkuu alisimama karibu nao, mikono nyuma, kama bwana harusi.

Mwalimu akaanza somo. Alifundisha vizuri siku ile, na alijua anafundisha vizuri. Sauti yake ilifika nyuma bila kupigana na kitu. Aliinua kadi, watoto wakajibu mmoja mmoja, na alipouliza nani atasoma ukurasa wa mbuzi na kisima, kidole kikainuka karibu na ukuta.

Kilikuwa cha Feni. Mwalimu hakuwahi kukiona kidole kile hewani, ila kikipunga.

Labda hapo ndipo angesita. Lakini mwalimu gani anasita mtoto wake wa shida akiinua kidole mbele ya wageni? Alimpa ruhusa, na Feni akasimama akasoma. Alisoma kwa sauti iliyonyooka, bila kusimama kwenye nukta, mbuzi akaja kisimani akaanguka akatolewa akashukuru, vyote kwa pumzi moja. Ukurasa ukaisha, akafunua wa pili. Wa pili ukaisha, akaendelea, na kama mwalimu asingemgusa bega angesoma mpaka anwani ya wachapaji. Watoto wakainua vidole wakapunga hewani bila sauti. Feni akawatazama, na kwa mara ya kwanza mikono yake nayo ikapunga kwa furaha, taratibu, mara mbili, kisha ikarudi juu ya dawati.

Mwalimu alihisi machozi yanamjia. Alisahau kabisa wageni wamekuja kuona nini. Alikumbuka pale tu alipoinua macho akamwona afisa ameinamia sikio la daktari, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na daktari anatabasamu huku amekunja paji la uso, kama mtu anayefurahia chakula na papo hapo kuna kitu kimemkwama kooni.

Walitoka barazani. Watoto walikwenda kucheza bila kengele, mwalimu wa zamu akiwaelekeza kwa mkono.

"Mwalimu," daktari aliuliza polepole, "huwa anakuwa hivi kila siku?"

"Kila siku, daktari," alisema mkuu. "Hapa kwetu mtoto ni mtoto. Tunalea wote."

"Hongereni sana," alisema afisa. "Wengine wangekuwa wanalia tu wapewe watu."

Lakini daktari alikuwa bado anamtazama mwalimu, anangoja. Na mwalimu alikuwa na jibu lote mdomoni: watoto waliozuiwa nyumbani, rimu iliyo stoo, fundi anayetazama jua ng'ambo ya ukuta. Sentensi moja ingetosha. Aliyaona macho ya mkuu, hayakuwa na ukali, yalikuwa yanaomba. Aliona chokaa mbichi. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kupamulika, sifa zile zilikuwa tamu, maana hakuna aliyewahi kusimama kwenye baraza ile akampongeza.

"Anajitahidi," alisema.

Wageni wakanywa chai, wakaandika majina yao kwenye kitabu cha wageni, wakaenda. Adhuhuri ilipopita fundi akawasha mashine yake. Muungwana yule alikuwa ameitimiza ahadi.

Jioni mwalimu alipiga simu. Alieleza yote, tangu shuka chafu mpaka kamba tupu, na daktari akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukusema palepale?"

"Mkuu alikuwepo."

"Na mimi nilikuwepo, mwalimu."

Daktari akashusha pumzi.

"Si wewe peke yako," alisema. "Chokaa ilininasa kwenye viatu. Niliiona, nikajua haijakauka. Halafu mtoto akaanza kusoma, nikafurahi, nikaacha kufikiri. Nilitaka iwe kweli." Kisha akauliza, "Unajua tumefanya nini? Tumeiona dawa yake. Chumba kimya, watoto wachache, basi. Tumeiona kwa macho yetu inafanya kazi, halafu tumeafikiana kwamba hana shida."

Kesho yake daktari alikwenda kwa afisa. Akamweleza. Afisa alimsikiliza kwa upole wote, akamkaribisha kiti, akamwambia, "Daktari, nilikuwepo pale. Yule mtoto anasoma kuliko mjukuu wangu. Leo unaniambia niamini simu, niache macho yangu?" Msaidizi alikuwa ameshapangiwa shule nyingine, yenye watoto wasioweza hata kushika kalamu. Na hao nao walikuwa na haki yao, nani angebisha?

Mwalimu alikwenda kwa mkuu kuomba stoo. Chumba kilikuwa kidogo, upande wa mbali na ukuta wa fundi; wakiondoa madawati mabovu, Feni na wenzake wachache wangekaa humo saa za kusoma. Mkuu alimsikiliza akichezea funguo.

"Na atakayekaa nao nani? Wewe? Na wale waliobaki?" Akatikisa kichwa. "Halafu nikiomba leo, afisa ataniuliza juzi nilikuwa nasema nini. Dada yangu, tulishasema. Maneno yakishatoka hayarudi."

Watu husema mficha uchi hazai. Hawasemi kwamba anayeuficha mara nyingi ni mmoja, na anayekosa ni mwingine.

Asubuhi ya pili baada ya wageni, Feni alisimama mlangoni kama siku ile. Sare yake ilikuwa imenyooka. Rimu ilikuwa imerudishwa kwenye kamba, sakafu mbele ya ubao imejaa watoto.

"Leo wageni wanakuja?" aliuliza, akiutazama mkono wa mwalimu.

Hilo nalo lilikuwa jambo, kwani Feni hakuwa na desturi ya kuuliza mtu kitu. Mwalimu akafurahi, kisha akalielewa swali, furaha ikamwisha.

"Leo hapana."

Mikono ikaanza.

Akauliza kesho yake, na kesho kutwa. Ikawa ndiyo salamu yake. Mama yake alisema hakubali tena kutoka nyumbani bila sare kupigwa pasi, hata mkaa uwe umeisha, na viatu anavisugua mwenyewe mpaka rangi inatoka. Watoto darasani waliudaka wimbo, wakawa wanamwitikia pamoja, "Leo hapana," wakicheka, bila ubaya, kama wanavyocheka watoto. Mwalimu aliwanyamazisha. Kuna siku alitaka kumjibu "kesho" ili tu apate kuingia kwa amani, lakini alikuwa ameshaona uongo mdogo wa barazani ulikomfikisha.

Simu zake na daktari zikapungua. Hawakugombana. Kila mmoja alikuwa na aibu yake, na aibu mbili zikikutana kwenye simu hazina la kusema. Daktari alimwomba mkuu amruhusu aje tena bila kutaja siku, mkuu akasema shule si soko. Mwisho daktari akawa anatuma ujumbe tu: anaendeleaje? Na mwalimu, nyuma ya vyoo, alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena, na mara nyingi hakutuma kitu.

Wiki ya mwisho ya muhula, nondo ya kengele ilipotea.

Shule nzima ilichelewa kuingia darasani. Waligonga rimu kwa jiwe, haikusikika. Wakasaka vichakani, juu ya bati, kwenye mifuko ya wakubwa. Mashine ya fundi ilikuwa mbovu asubuhi hiyo, na mwalimu aliposimama mbele ya darasa aliona Feni ameketi, mikono juu ya dawati, anangoja. Alimsogelea, akachuchumaa.

"Nondo iko wapi, mama?"

"Mahali pake," alisema Feni.

Ilikuwa stoo, nyuma ya madawati mabovu, imelazwa sawasawa pale ilipolazwa siku ya wageni. Alikuwa amejipenyeza dirishani. Mkuu alipoonyeshwa alicheka kicheko chake cha tumboni mpaka akafuta macho, akasema huyu mtoto ana akili kuliko kamati ya shule. Kisha nondo ikarudishwa, kengele ikagongwa kwa nguvu ya kulipizia asubuhi nzima, na Feni akatoka mbio. Safari hii mwalimu alimdaka getini, miguu ya mtoto ikiwa tayari juu ya lami.

Mkuu alikuwa mtu wa neno lake. Siku ya kufunga shule alimwita mama, akamkalisha kwenye kiti kilekile alichokalia afisa, akamweleza kwa upole. Mama alisikiliza ameshika mkoba wake mapajani. Mwalimu alingoja alie, au aseme mbona siku ya wageni mlisema yuko sawa kila siku, angalau amtazame yeye kwa jicho baya. Mama aliinuka akasema, "Asanteni kwa kumvumilia," akamshika mwanawe mkono. Mlangoni Feni aligeuka akauliza swali lake.

Muhula mpya ulipoanza, dawati la ukutani lilipata wenyewe siku hiyohiyo. Mwalimu alijiambia atakwenda kumwona wiki ya kwanza. Kazi zikamzidi, au alijifanya zimemzidi, mpaka mchana mmoja alipoona anapita mtaa wa kina Feni akakosa kisingizio.

Walikaa chumba kimoja katika ua wa wapangaji wengi. Mama alikuwa kwenye cherehani yake chini ya dirisha. Alipomwona alisimama upesi, akafuta stuli kwa upindo wa kanga.

"Karibu, mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Tunamshukuru Mungu." Akashusha sauti. "Afadhali umekuja. Mimi nilidhani amepata maradhi mapya. Hebu tazama."

Mwalimu akatazama. Mbele ya mlango pamefagiwa mpaka udongo unang'aa. Mawe ya ukubwa mmoja yamepangwa mistari miwili kutoka njia ya uani hadi kizingitini, yamepakwa majivu yakawa meupe.

"Kila siku hivyo," alisema mama. "Wadogo zake anawatoa kwa jirani, hataki wawemo. Redio sijui kaificha wapi, mwezi wa pili huu. Nikishona ananiondoa mguu kwenye cherehani. Sasa nisiposhona tutakula nini? Nashona akilala. Namuuliza, mama, unafanya nini? Hasemi."

Ndani, kandokando ya ukuta wa nyuma, palikuwa na viti: ndoo iliyopinduliwa, kigoda na debe. Feni alikuwa ameketi mbele ya viti hivyo, mgongo umenyooka, amevaa sare ya shule. Kitambo sasa hakuwa mwanafunzi wa shule yoyote, lakini mikunjo ya pasi ilikuwa imesimama. Aliutazama mkono wa mwalimu, akautambua.

"Mgeni amekuja," alisema.

Akamngoja mpaka akae. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, ndoo kushoto, debe kulia, vyote vitupu. Feni akasimama, akafungua kitabu, kile cha darasani ambacho mwalimu alimwachia siku ya kuondoka, akaanza kusoma. Mbuzi akaja kisimani akaanguka akatolewa akashukuru. Mikono ilikuwa imekishika kitabu imetulia kabisa. Ukurasa ukaisha, akafunua wa pili, na safari hii mwalimu hakumgusa bega. Alimwacha asome mpaka anwani ya wachapaji, na alipomaliza mwalimu aliinua vidole akapunga hewani. Mama, pale mlangoni, aliinua vyake.

Mwalimu alilia, hakujificha. Kisha jua likaelekea kushuka, na kulikuwa na madaftari ya darasa zima yanamngoja, na wanawe mwenyewe. Aliinuka.

"Kesho wageni wanakuja?" aliuliza Feni.

Safari hii hakukuwa na mkuu pembeni, wala afisa. Mwalimu aliipima ratiba yake yote kichwani, siku kwa siku, akitafuta mahali pa kweli.

"Kesho hapana," alisema.

Alitoka akipita katikati ya mawe, kwa uangalifu mwingi asije akalisogeza moja. Kwenye njia ya uani alipishana na wadogo zake Feni wanarudi kutoka kwa jirani, wanakimbizana, mmoja anapiga kopo la bati kwa kijiti. Aliwasikia wakiingia ndani. Hakugeuka, maana mikono ile aliijua, na alijua imeshaanza.